Mashimo Mawili Chini ya Senetwet

Mwanangu, kuna siku moja ya utoto wangu huko Sigowet ambayo hunirudia kila nikisikia mtoto akilia kwa homa. Ilikuwa miaka ile misitu ya Kericho inafyekwa ili kupandwa majani chai. Baba yetu, arap Mosonik, alikuwa huko na shoka, na sisi tuliachwa nyumbani na wake zake wawili: mama yangu Tapkigen, na mama mdogo, Tabutany.

Katikati ya nyumba zao palikuwa na kichaka cha senetwet. Unakijua, kile chenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa. Nyanya yetu, Kogo Tapsubei, alikipanda mwenyewe kwa mbegu mvua zilipoanza, kwa maana huko mashambani kwa wazungu senetwet ilikuwa inang'olewa. Tawi lake likikauka unalichoma ncha, halafu unasugulia ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na maziwa yanakaa bila kuharibika. Mizizi yake ni dawa ya homa, lakini ni dawa kali. Mtoto anapewa kidogo tu, halafu anaachwa, harudiwi siku hiyo.

Wake hao hawakuwa wakisemezana. Baba alirudi siku moja na blanketi moja, akampa Tabutany. Basi. Tangu hapo hata moto hawakuombana.

Kiplangat, ndugu yangu wa mwisho, akashikwa na homa. Alfajiri mama alichimba mzizi, akauchemsha, akamnywesha, akashuka mtoni. Mimi nilikuwa nimepeleka ndama malishoni. Tabutany akamsikia mtoto analia peke yake. Alimpenda yule mtoto, usimfikirie vibaya. Naye akachimba, akachemsha, akamnywesha.

Niliporudi mtoto alikuwa anatapika na kuhara maji matupu, macho yameingia ndani. Jua lilipozama alikuwa ametutoka.

Asubuhi Kogo alikizunguka kile kichaka polepole. Kulikuwa na shimo bichi upande wa mama, na shimo bichi upande wa Tabutany.

"Hapa nani amechimba?"

"Mimi," mama akasema.

"Na huku?"

Tabutany akaangalia chini. "Ni mimi, Kogo. Mamake hakuwepo."

"Na aliporudi hukumwambia?"

"Hatuongei."

"Mmemnywesha mtoto mmoja kama watoto wawili," Kogo akasema.

Mama akakimbilia panga akikate kile kichaka. Kogo akasimama mbele yake. "Kata. Kesho utasugua kibuyu na nini, na ulimi wako? Ungeusugua mapema kwa kusema na mwenzako, tungekuwa na mtoto. Weka panga. Fukieni hayo mashimo, nyinyi wawili."

Wakafukia. Mmoja anarudisha udongo, mwingine anakanyaga. Walipofika shimo la pili mama akauliza, bila kuinua uso, "Ulimpa kiasi gani?"

Tabutany akaonyesha kwa kidole katikati ya kiganja.

"Na mimi hivyo hivyo," mama akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyosemezana tangu lile blanketi.

Leo dawa mnanunua Sotik, iko kwenye chupa na ina maandishi. Lakini naona mama anampa mtoto asubuhi na kwenda kazini, mchana shangazi anampa tena, na hao wawili wamekasirikiana kwa sababu ya simu. Mwanangu, kasirika ukitaka. Nyima mtu salamu, nyima chai. Lakini neno la mtoto usimnyime mtu. Nenda mlangoni kwake, hata kama hutaingia, useme: nimempa hii, saa hii, kiasi hiki. Halafu rudi na hasira yako.

Mungu awape nyumba zenye watu wanaoulizana. Vibuyu vyenu vinukie senetwet, na udongo ulio chini yake usichimbwe tena na watu wawili wasiosemezana.