Viwavi vya Sufi

Kuku akimwagiwa maji ya moto ili anyonyolewe, wenzangu hunusa mchuzi unaokuja. Mimi nanusa viwavi. Harufu ile nzito ya manyoya yaliyolowa hunirudisha Machochwe, mkoani Mara, kwenye nyumba ya mtumishi nyuma ya zahanati, ambako mama yangu alikaa kibarazani Jumapili mchana akichambua manyoya ya shingo ya jogoo na kuyapanga kwenye kifuniko cha kopo.

Mama alikuwa nesi. Alizaliwa Mufindi, kwenye baridi na mashamba ya chai, ambako mito ina samaki anayeitwa trauti, samaki mwenye maringo anayetaka kudanganywa kwa mdudu wa kutengeneza. Babu alikuwa kibarua wa shamba, na akitoka kazini aliwatengenezea wakubwa wake wadudu hao wa kuvulia. Mama alijifunza kwa kumtazama. Serikali ilipompangia kazi huko Mara, alinichukua mimi, sanduku moja, koleo dogo na ujuzi ambao kule hakuna aliyekuwa na shida nao. Baba alibaki Iringa kumalizia mambo yake, halafu akabaki moja kwa moja.

Kiwavi tulikitengeneza hivi. Ndoano ilibanwa kwenye koleo, na koleo likafungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mguu wa stuli. Ilizungushiwa kwanza uzi mweusi wa cherehani, kisha sufi ya kijani iliyofumuliwa kutoka sweta langu la uchanga, mpaka mwili ukanenepa. Mwisho mama alizungusha unyoya mmoja kuanzia mkiani hadi kichwani, vinyweleo vikasimama, ukapata kiwavi yule yule aliyekuwa akidondoka mtoni kutoka kwenye migunga mvua zikianza. Vya kwangu vilikuwa vifupi, vimevimba katikati. Mama aliviita wajawazito, na akasema kazi imemfuata hadi kibarazani.

Jirani yetu, Mama Gati, alikuja kutuangalia akacheka hadi akashika ukuta. "Nesi, samaki wa huku hawali sweta! Wape nyama!"

Lazima niwaeleze mambo yalivyokuwa pale zahanati. Nesi wa pili alihamishwa, jina lake likaendelea kukaa kwenye ratiba ukutani, na mama akafanya zamu za wote wawili. Siku ya mapumziko watu walibisha hodi nyumbani. Homa, majeraha ya panga, watoto wanaoharisha, mzee aliyetaka tu kupimwa presha kwa kuwa amepita karibu. Mama akifunga mlango, walimwitia dirishani. Siku moja nilimkuta amesinzia akiwa amesimama, mkono kwenye kabati la dawa. Nilipomgusa alishtuka akaniuliza, "Nani anafuata?" Niliogopa sana. Nilijua watu huchoka, lakini sikujua kwamba mama anaweza kuisha.

Ndipo akaanza kwenda mtoni. Mara ya kwanza alikwenda mikono mitupu, akakaa juu ya jiwe. Hata jiwe halijapata joto, Mama Gati alikuwa amefika akihema. "Nesi, unaumwa? Kuna msiba kwenu?" Kwa watu wale, mtu mzima aliyekaa peke yake bila kazi alikuwa mgonjwa au amefiwa, na wote wawili hawaachwi peke yao. Walikuja wengine kumpa pole. Wakiwa pale wakakumbuka na maumivu yao.

Jumapili iliyofuata alikata fimbo, akafunga uzi na kiwavi. Watu wakapita, wakauliza, "Unavua, nesi?" Akajibu, "Navua." Wakaenda zao. Mtu aliye kazini wanamheshimu.

Tulivua hivyo mvua zote za masika na hatukupata hata dagaa. Mimi nilikuwa darasa la nne, na shuleni waliniita binti wa sweta. Nilitaka samaki mmoja tu, hata mdogo, wa kuwafunga midomo. Kila nilipouliza kulikoni, mama alisema samaki wa huku hawajazoea.

Kisha siku moja akaja Mwita, kijana wa Mama Gati aliyekuwa ameoa karibuni, kunywesha ng'ombe. Akamsalimia mama shikamoo, akaomba aone hicho kidudu kinachosemwa kijiji kizima. Akakiviringisha vidoleni. Uso wake ukabadilika.

"Nesi, mbona hii ndoano haina ncha?"

Nikaruka kutazama. Ilikuwa kweli. Ncha ilikuwa imekatwa kwa koleo, safi kabisa. Mwita akaanza kucheka, na mimi nikaona kesho yangu yote shuleni. Mama hakucheka. Alimtazama akasema taratibu, akimwita kijana kwa lugha ya kwao, "Mura, nimechoka."

Kicheko kikamkatika Mwita. Alimrudishia kiwavi kwa mikono miwili, akaondoka na ng'ombe wake. Mimi nililia kwa hasira. Nilimuuliza mama kwa nini, kwa nini tusipate samaki kama watu wengine.

"Nikimpata," alisema, "itabidi nimpare, nimpike, nimpakulie mtu."

Niliona huo ni uvivu, na nikasubiri siri itapakae. Haikutapakaa. Tangu siku hiyo, Mwita alichungia ng'ombe kwenye njia ya mtoni kila Jumapili. Tulimsikia akiwazuia watu: "Nesi kuna samaki mkubwa anamkaribia, ukipita hapa utamkimbiza. Wewe unaumwa nini? Jino? Jino litakuwepo na kesho." Mwenye uchungu wa uzazi alimpitisha, tena alimsindikiza. Samaki huyo mkubwa aliendelea kutukaribia mpaka tulipohamishwa.

Sasa nina kazi yangu na watoto wangu, na kuna jioni ambapo nikifika nyumbani nakaa kwanza ndani ya gari pale uani, taa zimezimwa, nikiomba moyoni wasije kunifungulia mlango. Nawapenda. Sitaki tu mtu aniite. Ni humo garini nilipolielewa jibu la mama, nikaelewa pia jambo jingine ambalo limeniumiza zaidi. Mama alifanya bidii yote ile, sufi, manyoya, ndoano butu, ili apate mahali ambapo hakuna anayemhitaji, na kila Jumapili alinishika mkono akaenda na mimi. Nami niliongea tangu tunatoka mpaka tunarudi. Niliuliza samaki wanalala wapi, kama kiwavi ana mama, mvua inaishia wapi. Alinijibu yote, macho yakiwa majini, na sikumbuki hata siku moja aliponiambia ninyamaze.