Chaza Hawalali Njaa kwa Shangazi

Shangazi yangu, aliyenilea katika nyumba yetu ya mtaa wa Gerezani, alikuwa amekula kiapo kwamba chaza hawatapita tena kooni mwake. Zamani aliwala, tumbo likamwendesha mpaka akalazwa. Halafu mimi, mtoto wake wa kulea, nikaacha kazi nzuri katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini ili nifuge chaza baharini. Alininunia mwezi mzima, na haki yake.

Sikutaka sifa za mtu mwingine. Nilitaka yeye ale, basi. Kama aliyenilea haamini ninachofuga, ningemuuzia nani kwa uso mkavu?

Ubaya wa chaza ni kwamba anachuja maji ya bahari kutwa na kubaki na vijidudu vilivyomo, na maji ya pwani ya mji mkubwa tunayajua. Dawa yake ni kumweka kwenye maji safi ya bahari, yanayozungushwa na pampu na kupitishwa kwenye taa ya kuua vijidudu. Anavuta maji safi, anatoa uchafu, siku mbili, bila kulishwa chochote. Tangi nililiweka uani, nikawatia humo wa kwanza niliowavuna. Taa alinifungia jirani mwenye duka la vifaa vya umeme, Mhindu asiyekula chochote chenye roho. Kila asubuhi alipita kuuliza hali za wagonjwa wangu, lakini nikitaja pilipili tu, anaaga.

Nilimwambia shangazi kuwa Ijumaa, baada ya swala, chaza watakuwa tayari. Akasema atatazama. Kwa shangazi hiyo ni hatua kubwa.

Ijumaa asubuhi nikakuta maji ya tangi meupe kama uji. Shangazi alikuwa pembeni anachambua mchele, hata macho hakuinua.

"Shangazi, nani katia unga humu?"

"Mimi. Tangu juzi umewaweka hapa hujawapa hata punje. Nyumba hii mgeni halali njaa."

"Hawa si wageni, shangazi. Wanatakiwa watoe yaliyomo tumboni, wasiingize mengine."

"Si ungesema? Mimi nashinda nao hapa, nawaona wanavyofungua midomo."

Hasira zilinipanda. Nikaona nitatamka neno baya, nikatoka nje, nikasimama barabarani mpaka mabasi kadhaa ya mwendokasi yakapita. Hapo ndipo nilipoanza kucheka peke yangu. Katika mtaa mzima, aliyewaonea huruma chaza wangu mpaka akawalisha ni yule aliyeapa kutowala.

Nikamwaga maji, nikasugua tangi, nikawasuuza chaza kwa maji mengine ya bahari, nikaanza upya. Ijumaa hiyo tulikula maharage. Shangazi aliona haya, ila haya zake huja na amri. Alihamishia kiti chake kando ya tangi na kujifanya mlinzi. Mpangaji wetu alisogea kuchungulia akiwa na mkate mkononi, akafukuzwa.

"Ondoa makombo yako. Hawa wapo kwenye swaumu."

Jumapili nikawatoa. Niligonga ganda la kila mmoja, na aliyeachama bila kujifunga nilimtupa. Shangazi akashika chungu mwenyewe, akawapika kwa tui, ndimu na pilipili mbuzi, akahakikisha wameiva sawasawa. Akasema bismillahi, akala mmoja. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko chaza anavyohitaji, nami nimeshika kijiko nimesahau kazi yake. Akala wa pili, na wa tatu. Niliumia kidogo. Nilitaka aseme japo neno.

Akainuka, akatoa kabatini sahani ya maua, ile ya sikukuu, akapakua, akaifunika kawa.

"Mpelekee jirani wa kulia."

Nilishtuka. Huyo si jirani yangu wa taa; huyo ana ulimi unaoogopwa Gerezani nzima, na shangazi hajawahi kumpelekea hata chapati iliyoungua pembeni.

"Nenda, wasipoe," akasema. "Akiuliza wametoka wapi, mwambie wa kwetu."