Bunduki ya Shabaha ya Hayes

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya bunduki kule Croydon, kusini mwa London, fundi mkuu alinipa kitako cha mti na kitambaa chenye mafuta, akaniambia nikisugue. Sikumwambia kwamba wakati wa Mapinduzi baba yangu alichukuliwa nyumbani kwetu Unguja na watu wenye bunduki, na hakurudi. Kazi nilikuwa naihitaji. Lakini aliona ninavyokishika kwa ncha za vidole.

"Hizi zetu ni za shabaha," alisema. "Zinatoboa karatasi, basi."

Nikasugua. Baadaye nikatolewa kwenye mbao, nikapewa chuma. Nilijifunza kumulika ndani ya mtutu na kukagua mikato inayoizungusha risasi ili iende sawa. Nyingi zilikuwa bunduki za risasi ndogo, risasi ambazo kiwashio cha baruti kimo kwenye ukingo wa ganda lake, si katikati. Kuzijaribu uwanjani niliwaachia wenzangu. Mimi sikufyatua hata moja.

Mwaka mmoja alipiga simu mjane wa Kisikh wa Hayes, mzaliwa wa Kisumu, Mama Jasbir. Alikuwa na bunduki ya shabaha ya marehemu mumewe, na leseni ilikuwa kwa jina la mume huyo. Polisi walimwambia aikabidhi kwa muuzaji mwenye kibali, la sivyo wataichukua ikaharibiwe. Fundi mkuu alipotajiwa aina yake alitafuta funguo za gari papo hapo. Ilitengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na yeye alikuwa ameitafuta miaka mingi kwa ajili ya mkusanyiko wake.

Tulipofika, Mama Jasbir alinitazama mimi.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Unguja, mama."

"Basi muulize boss wako, ataiweka wapi?"

Nikamuuliza. Akajibu, "Kwenye kabati la kioo, ukutani."

"Hapana," Mama Jasbir alisema. "Mzee alikuwa anaipeleka klabu kila Jumapili, mimi nakaa kwa gari namsikia. Nataka kuisikia mara moja tena, halafu mchukue. Na upige wewe."

"Mimi sipigi, mama."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari za baba. Zaidi ya mume wangu, hapa London sikuwa nimemwambia mtu. Alinishika mkono.

"Sikulazimishi," alisema. "Lakini huyu mzungu simpi apige."

Nilifikiri kutwa nzima, kisha nikampigia simu kumwambia nimekubali. Siku ya wageni klabuni, ambapo hata asiye na leseni huruhusiwa kupiga, nililala kifudifudi juu ya mkeka, fundi mkuu kando yangu. Uso wa baba ulinijia. Nikangoja mpaka pumzi ikatulia, nikafyatua. Mlio ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Karatasi niliikosa kabisa. Nilipotoka nje, Mama Jasbir alikuwa garini, kioo kimeshushwa, anafuta machozi.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Haya, chukueni."

Fundi mkuu hakuitundika. Akaanza kwenda nayo klabuni siku za Jumapili, na mara kwa mara akimpitia Mama Jasbir aje kuisikia.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaonijia kuuliza kazi hii hutaka habari za chuma. Chuma utakijua tu, ukikaa nacho. Kazi ngumu ni kuingia nyumba ya mfiwa, ukatoka na kitu cha marehemu, na aliyebaki asijione ameporwa.