Kumtafuta Zuhura Thornhill

Niliondoka Tanga mwezi wa Juni, mwaka wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, kwa sababu ya simu ya Bi Gulshan. Aliwahi kufundisha na mama yangu kabla hajahamia Kanada. Mumewe, fundi saa, alikuwa amefariki na kumwachia ziji lililonakiliwa kwa mkono, yaani majedwali waliyotunga wanafalaki wa karne za kale ili kukadiria sayari itakuwa wapi siku yoyote. Shemeji yake, Bwana Mustafa, alishikilia kwamba ni kitabu cha ramli na kitolewe nyumbani.

"Wewe mwalimu wa hesabu, tena herufi za Kiarabu umezisoma chuoni," aliniambia. "Njoo utuamue, tiketi naleta."

Sikuwahi kupanda ndege. Nilikubali kabla hajamaliza.

Toronto, alasiri. Bi Gulshan alinipokea kwa bajia za moto ndani ya mfuko, akaendesha gari huku akila. "Huku bila gari huna miguu, mwanangu." Thornhill, kitongoji anakoishi, nyumba zinafanana kama sare za shule, na barabarani hapiti mtu. Ziji lilikuwa juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha vyombo.

Siku tatu mvua ilinyesha, nasi tukakokotoa. Humo tarakimu ni herufi: alifu moja, bee mbili, jimu tatu. Tulimchagua Zuhura kwa sababu anang'aa kuliko nyota zote. Bwana Mustafa alikubali kwamba Zuhura akionekana pale kitabu kinaposema, basi ni hesabu na kitabu kibaki. Jibu likatoka: mashariki, kabla ya jua kuchomoza.

Siku ya nne, alfajiri. Mvua ilikuwa imekatika. Tulisimama watatu kwenye maegesho ya duka moja kubwa, anga jeupe, hamna kitu ila shakwe wakigombea mkate.

"Pole na safari, mwalimu," alisema Bwana Mustafa kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kejeli.

Saa mbili asubuhi, mezani. Bi Gulshan alikuwa akifunua kurasa. Kisha akauliza, "Mbona hee hii ina mkia na hii haina?"

Niliweka kikombe chini. Mwandishi hakuweka nukta zinazotofautisha herufi, na ili jimu isichanganywe na hee, ambayo ni nane, alikuwa ameikata mkia. Mimi nilisoma nane palipoandikwa tatu. Tulicheka mpaka Bwana Mustafa akatoka bafuni na mswaki mdomoni. Nikakokotoa upya: magharibi, baada ya jua kutua, kushoto kwake kwa karibu ngumi nne za mkono ulionyooshwa.

Saa tatu usiku, maegesho yale yale, na huko Juni ndiyo kwanza jua linazama. Bi Gulshan alinyoosha mkono akapanga ngumi angani. Mlinzi alikuja kutuuliza kulikoni, akapewa bajia, akaanza kupanga zake. Tukangoja.

"Yule pale," alisema Bwana Mustafa taratibu. Alikuwa wa kwanza kumwona. Alipima kwa ngumi zake, akapima tena. "Na Mirihi je, ile sayari nyekundu, yuko wapi?"

Bi Gulshan alinikumbatia tukazunguka kati ya magari kama wasichana waliofaulu mtihani.

Wiki mbili zilizobaki sikulipata tena lile ziji. Lilikuwa mapajani mwa Bwana Mustafa. Nami nilijifunza jambo ambalo miaka yote ya kushika chaki haikunifundisha: jibu likikataa, nianze kulikagua jicho langu kabla ya kukilaumu kitabu.

Siku ya kuondoka, Bwana Mustafa alinipa karatasi: mahali atakapokuwa Zuhura jioni yangu ya kwanza nyumbani, amekokotoa mwenyewe. "Nimeondoa zile saa saba za tofauti," alisema.

Tanga, wakati wa magharibi. Niliacha mizigo mlangoni, nikapima, nikampigia simu.

"Yupo, baba. Ngumi nne kamili."

Upande wa pili nilimsikia akimwita Bi Gulshan kwa sauti kubwa, aje asikie.