Kava Nyekundu ya Aipadi

Ofisini kwetu Mtumba wananiita mtaalamu, ingawa sikuwahi kumiliki tableti. Nikapewa mbili nikazijaribu kijijini Haneti, ili tuchague ipi wapewe maofisa ugani: aipadi au Android. Moyoni nilishachagua aipadi. Nikaivisha kava nyekundu, Android nikaivisha nyeusi.

Vumbi la Haneti likanilazimisha kuzifua kava zote mbili, kisha nikazirudishia haraka haraka. Kwenye ripoti nikaandika kwamba ile yenye kava nyekundu haina mpinzani, na anayetaka Android hajastaarabika.

Kikaoni Mama Mkurugenzi akasema, "Hebu tuione hiyo aipadi."

Nikaivua kava kwa mbwembwe. Nyuma hapakuwa na lile tunda lililong'atwa.

Mama akaisogeza Android yake kando ya yangu. "Kumbe tuko wawili tusiostaarabika."