Shimo la Milangilangi Jabal Akhdhar

Mke wangu hakutaka kuhamia Jabal Akhdhar, mlima mrefu wa Oman wenye baridi. Nyumba yetu ilikuwa Ibra, mji wa chini kwenye joto, na ua wake aliupenda. Lakini mimi nilipostaafu nilichoka na joto, nikanunua kinyumba huko juu penye makomamanga na mawaridi, kisha ndiyo nikamwambia. Tumeishi pamoja miaka zaidi ya arubaini na sikumuuliza.

Alipanda mlima amepakata ndoo mapajani. Ndani yake mlikuwa na miche mitatu ya mlangilangi, mti wa maua ya manukato, aliyoiotesha kwa mbegu alizoletewa na dada yake kutoka Pemba. Mbegu zilikuwa nyingi, ikaota mitatu tu.

"Huko kwako maji yanaganda," aliniambia garini. "Miche yangu ikifa, mimi narudi Ibra. Nakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa."

"Haitokufa," nilimjibu. "Ntaijengea nyumba yake."

Nyumba hiyo nilikuwa nimeiona kwenye simu. Watu wa nchi za theluji huchimba shimo la kimo cha mtu, wakalijengea kuta na kulifunika kwa kioo. Udongo wa chini haupoi upesi kama hewa ya juu, na jua la mchana likiingia hupasha kuta, nazo zikatoa joto hilo usiku. Wanavuna nyanya humo na nje theluji imefika magotini. Nikajisemea, kama wao wanaweza, sisi wenye baridi ya miezi miwili itatushindaje?

Nilianza kuchimba mwezi wa Juni, kwenye kipande cha shamba kilichokatwa mlimani kama ngazi, nyuma ya nyumba. Mafundi wawili walivunja mawe, mimi nimesimama na daftari na rula. Kila adhuhuri niliangalia jua: limekaa utosini, kivuli changu kimejikunja miguuni. Hivyo ndivyo nilivyolijua jua tangu utoto wangu Unguja, juu ya kichwa. Basi paa nikaliagiza lilale bapa, la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na ukuta wa kusini nikaunyanyua sawa na wa kaskazini, mrefu, ili upepo usipite. Mchana shimo zima liling'ara.

"Unamchimbia nani kaburi?" mke wangu aliuliza kutoka dirishani.

"Milangilangi yako."

"Basi mmeshaizika ingali hai!"

Jirani yetu, mzee wa mlimani, ndiye mgawa maji ya falaji, mfereji unaonywesha mashamba yote ya pale. Zamu za maji anazipima mpaka leo kwa kijiti kilichosimikwa chini. Kivuli cha kijiti kikifika jiwe fulani, shamba moja linafungiwa maji na jingine linafunguliwa. Kiswahili hakijui, kwa hiyo tulizungumza Kiarabu. Alikuja, akatazama shimo, akatazama ukuta wa kusini, akakuna ndevu.

"Subiri, ya shaibu," alisema, yaani ewe mzee. "Usijenge sasa. Ngoja uone kivuli cha wakati wa baridi kinalala wapi, ndipo ujenge."

Mbele ya mafundi nikamjibu, "Mimi nimesoma. Wewe gawa maji yako."

Hakukasirika. "Sawa," alisema. "Lakini jua halikwenda skuli na wewe." Akaondoka. Mafundi walicheka, mimi nikajifanya sikusikia.

Na kweli nilisoma. Skuli ya sekondari mwalimu wa jiografia alituchorea ubaoni jinsi jua linavyohama kusini, na jinsi vivuli vya nchi za kaskazini vinavyorefuka. Nilipata alama nzuri. Sikufikiri hata mara moja kwamba Oman ni mojawapo ya nchi hizo, na kwamba ninaishi ndani ya picha ile.

Miche tuliishusha shimoni mwezi wa Oktoba. Mke wangu ana magoti mabovu na ngazi niliyojenga ilikuwa nyembamba na kali kama ya kupandia darini, kwa hiyo hakuweza kushuka. Kila asubuhi aliniuliza, "Wanangu vipi?" nami nikamjibu, "Hawajambo."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Kisha kivuli cha ukuta wa kusini kikaanza kutambaa sakafuni. Desemba niliposhuka adhuhuri nilikuta chini kote ni kivuli, na jua limebaki mstari mwembamba juu ya ukuta wa kaskazini, mahali pasipo na mche. Mapipa ya maji niliyoyapaka rangi nyeusi ili yatunze joto, niliyagusa yakanichoma kwa baridi. Majani ya miche yalikuwa yamelegea.

Nilipanda juu. Mke wangu aliuliza. Nikasema, "Hawajambo."

Nilisema hivyo siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu sakitu, umande ulioganda, iliangukia mlima mzima, paa langu likawa jeupe kwa nje, na ndani miche miwili ilikuwa imegeuka myeusi kama imeunguzwa. Wa tatu ulikuwa na jani moja zima. Niliubeba mpaka jikoni, nikauweka mbele yake, nikamwambia yote.

Alilishika lile jani kwa vidole viwili. "Umejua tangu lini?"

"Siku kumi na mbili."

"Si ungeuleta ndani siku ya kwanza? Nyumba hii haina dirisha?"

Mwanetu alikuja kumchukua mama yake wiki ile ile. Aliteremka Ibra na ndoo yake mapajani, mche mmoja.

Nilikwenda kwa jirani. Nilimwomba radhi mbele ya watu wa falaji, kwa kuwa nilimdharau mbele ya watu. Alinimiminia kahawa, akasema, "Twende tukaubomoe ukuta kabla kivuli hakijahama, kituonyeshe pa kukata." Tulifanya kazi mwezi mzima. Ukuta wa kusini tuliushusha mpaka chini ya goti, udongo wa upande ule tukauchonga mteremko, paa tukaliinamisha lielekee jua. Ngazi niliivunja nikajenga nyingine, pana, yenye vidato vifupi na bomba la kushikia.

Baridi iliyofuata nilimwomba mke wangu aje aone. Alikuja mikono mitupu. Alishuka kidato kwa kidato, akaomba kiti, akakaa shimoni tangu saa nne mpaka saa nane, jua limempiga magotini muda wote. Akavua shali.

"Umejenga vizuri," alisema.

"Basi ntakwenda kuuchukua mlangilangi."

"Huo umeshashika ardhi uani kwangu. Siung'oi tena."

Hapo ndipo nilipomuuliza nilichopaswa kumuuliza kabla ya kununua nyumba. "Wewe unataka tukae wapi?"

"Ibra," alisema. Hakufikiri hata kidogo. Jibu alikuwa nalo siku zote.

Ufunguo nilimwachia jirani. Aliniuliza apande nini, nikamwambia apande atakacho. Tuliteremka Ijumaa baada ya sala. Joto la Ibra bado linanitesa, na mbele ya mke wangu silitaji.