Folda Niliyoiita Mama

Harufu ya hiliki ikipanda kutoka kwenye unga wa vitumbua, mkono wangu huuacha upawa ukatafuta simu.

Mwanzoni mwa masika, nilipokuwa shule, mwalimu wa kompyuta alitufundisha kufungua folda mtandaoni, kuipa jina, na kutunza humo vitu tusivyotaka vipotee. Akatuagiza kila mmoja alete picha ya mtu wa nyumbani kwao. Nilitoka shule mbio, nikaazima simu ya kaka, nikamkuta mama uani mbele ya jiko la mkaa, unga wa mchele umemfika viwikoni.

"Mama, nikupige picha. Mwalimu anasema ikishaingia mtandaoni, inafunguka popote duniani!"

Akauvuta mtandio upesi, akajifunika uso.

"Popote? Wanaume wa watu wanione nilivyo hivi? Hapana, mwanangu. Piga mikono, inatosha."

Mwalimu alikuwa ametueleza pia habari ya neno la siri, kwamba folda haifunguliwi ila na mwenyewe. Hilo sikumwambia mama. Mpumbavu mimi, wenzangu walikuwa wananingoja nje tukacheze. Nikapiga mikono, na folda nikaiita Mama.

Masika yale yale aliugua, tukamzika kwenye makaburi ya Kaole. Picha nyingine yake haikuwepo, hakupenda kupigwa.

Leo binti yangu ameniegemea gotini, ananiuliza tena bibi yake alikuwa na sura gani. Nimeandika neno la siri, nikamfungulia ile mikono.